Neno Moja ya Waya Inanipokonya Msichana Wangu

Admin, ficha jina yangu kabisa, kwa sababu mimi ni mtu anajulikana. Niko na miaka sabini na moja, boma yangu iko ukitoka Kitengela ukielekea Kajiado. Shule niliacha chini sana, lakini hakuna mtu amewahi kuniuzia ng'ombe mgonjwa. Naangalia macho, naangalia kwato, nimemaliza. Hii naandika na kidole moja, mnivumilie.

Mama watoto alituacha. Watoto wengine wakaolewa, wengine wakaenda, nimebaki na msichana wa mwisho, tumuite Nashipai. Yeye ndiye hunisomea dawa yangu ya presha na ndiye hunicheka nikijisifu. Sasa amepata kazi ya kujibu wateja wa kampuni kwa kompyuta. Walimwambia akiwa na kompyuta ya mezani atafanyia nyumbani, akikosa ahamie Nairobi. Nikasema Nairobi gani? Nikauza fahali.

Tulienda Kitengela pamoja. Duka ya kwanza nilichagua skrini mwenyewe, ile kubwa kushinda zote. Nashipai akasema, "Papa, tuulize kwanza kama itaingiana na box ya kompyuta." Nikamwambia nimenunua TV tatu kwa hii maisha na hakuna moja ilinikataa. Duka ya pili nikachagua box, ile nzito, nikalipa. Kijana wa hapo akashika waya ya skrini yangu, akaangalia nyuma ya box, akatingisha kichwa. Akasema kwa sauti, duka nzima ikisikia:

"Guka, hii waya yako ni dume. Na hii mdomo hapa nyuma pia ni dume. Haziwezi kupandana. Unataka jike."

Mbele ya msichana wangu! Kwetu baba hasimami na binti yake mahali mambo ya kupandana inatajwa. Nashipai aliangalia viatu vyake tu. Nikamwambia huyo kijana, "Shika adabu! Na mimi si guka yako, si babu yako." Yeye bado ananyoosha mkono, ameshika kakitu kadogo keusi. "Sawa mzee, usikasirike, beba tu hii. Ndio jike yenyewe." Watu wakacheka. Mama mmoja akaangalia shuka yangu, akasema, "Mzee wa ng'ombe anaogopa jike!" Nikaweka box kwa bega nikatoka.

Huko nje Nashipai akaniambia polepole, "Papa, turudi kidogo. Kuna kitu imebaki."

"Kitu gani?"

Akageuza macho kwa mlango wa duka. Angesema nini? Tukafika nyumbani hivyo, yeye na skrini mkononi, mimi na hasira yangu.

Alipoenda kuchota maji, nikasema wacha nimalize hii kazi kama mwanaume. Ile waya iko na sindano ndogo ndogo kwa mdomo. Nyuma ya box nikapata mdomo umbo ile ile, na yenyewe iko na sindano. Nikasukuma. Ikakataa. Nikaleta koleo ya fensi. Ikalia kama mfupa, ikaingia nusu. Nikawasha. Skrini ikaandika maneno ya Kizungu, nikakaa mbele yake nikifurahi, nikijua inaamka.

Nashipai akarudi, akasoma. "Papa, inasema haioni kitu." Akaona koleo. Akaenda nyuma, akachomoa waya. Sindano zingine zimelala, zingine zimekatika.

"Imekuja hivyo," nikasema. "Yule kijana alituuzia mbovu."

Hakubishana. Akasema tu, "Basi kesho niende mimi. Kuna waya ingine na ile kitu ndogo. Ni rahisi, Papa." Nikaruka juu. Nikamwambia hakuna msichana wangu ataenda kuongea maneno hayo na wanaume wa duka. Nilisema kwa nguvu sana. Akafunika mashine na shuka, akaingia kwa chumba yake.

Leo asubuhi hakuleta kichwa nimguse nimsalimie, vile watoto kwetu husalimia wazee. Tangu azaliwe hajawahi kukosa. Niliona nguo zake zimekunjwa juu ya kitanda, na kampuni inataka jibu wiki hii. Mimi mwenye nimechunga fahali maisha yote, nilisukuma dume kwa dume na koleo, na kijana alikuwa ananiambia ukweli.

Nimesimama kwa barabara mara mbili nikitaka kurudi Kitengela mwenyewe, nikashindwa. Nikifika kwa hiyo kaunta niombe nini? Niseme mbele ya wale watu nimekuja kutafuta jike? Na nikimuuliza Nashipai jina, si namlazimisha atamke mbele yangu?

Nyinyi wenye mnajua kompyuta, naomba, jibuni haraka kabla hajabeba mfuko. Hiyo kitu haina jina ingine, jina ya heshima, yenye baba anaweza kusema mbele ya mtoto wake?