Kasanduku ka Maestro

Mama mudogo wangu, ule wa Dilolo, hakuogopa mutu. Alikuwa anauza samaki ya kukauka pa gare ya treni, na siku moja mulinzi wa treni alipiga kitunga yake teke, juu ilikuwa njiani. Mama mudogo akamushika ukosi: "Okota. Moja moja." Mulinzi akaokota, treni yote inaangalia, na musafiri moja wa kutoka Angola akacheka mpaka machozi. Ule musafiri njo alikuwa na gita bas, kamba tatu tu, na njaa mingi. Mama mudogo akamupa samaki masahani mbili, akakamata gita, akanitupia: "We muvivu, jifunze hata hii." Kamba ya ine niliipata Kolwezi kisha miaka mbili, na mwenye kuniuzia alikuwa mwizi, lakini hiyo ni habari ingine.

Ile gita njo iliniingiza mu korali ya kanisa letu, huku Musonoi. Nilipiga bas pale tangu batoto bangu beko mugongoni mpaka nabo balizaa. Mi sikuwa mutakatifu. Kusali nilisali kidogo. Nilienda juu ya bas. Bila ile kiti yangu kando ya ngoma, kanisani sina kazi.

Mwaka jana, mvua ya kwanza, kura ya umeme ilikatika, ikarudi na hasira, ikaunguza ampli yangu ya zamani, ile masini ya kutoa sauti ya gita. Maestro wetu mupya wa korali, kijana wa kutoka Lubumbashi mwenye viatu ya ncha, akafurahi. Nilimuona. Alitaka ndugu yake apige bas na mukono wa kushoto ku piano. Pasta akakata maneno: Jumamosi tujaribu sono, masini yote ya sauti, juu Jumapili wageni banakuya. "Kama bas haisikilikane, tata, piano itakamata nafasi yako."

Ile Jumamosi maestro akaleta ampli ingine, nzito sawa jiwe ya mugodi, na kasanduku ka chuma, kadogo sawa sabuni. Akachomeka gita mu kasanduku, na kasanduku mu ampli. Kable, waya ya meno tatu, iliingia bila shida, njo maana alizani kazi imeisha.

"Hapana, maestro," nikasema. "Hako kasanduku kanapunguza sauti, inakuwa kidogo sawa ya mikro ya kuimbia. Na hii ampli kazi yake ni kusukuma tu. Katikati lazima konsoli, ile meza ya vifungo, iipandishe kwanza. Nipe tundu moja ya konsoli."

"Tundu zote ni za baimbaji."

"Moja ni yako, ya kusema aleluya."

Basoprano bakacheka. Yeye hakucheka.

"Tata, sono uliisomea wapi?"

"Sikusoma. Nilishinda na fundi wa radio miaka mingi, namushikia taa."

"Ah, mwenye kushika taa!" Akageukia baimbaji. "Muone profesa wa taa!"

Nikapiga. Bafle, spika ya ampli, ikafanya shhh, na bas ndani yake sawa mutu anakohoa mu nyumba ya jirani. Maestro akazungusha kifungo mpaka mwisho. Shhh ikazidi. Kijana moja wa tenori, suruali ingali na matope ya shimo ya mugodi, akaniuliza: "Tata, umeamka?"

"Ni bidole," maestro akamuambia pasta. "Bidole ya buzee. Masini iko muzuri."

Nikamuambia hii bidole inaweza kuzunguka shingo yake. Haikuwa neno la kanisani, lakini nililisema, na pasta alisikia.

Kisha nikasimama, nikaenda ku konsoli, nikachomoa kable ya mikro ya maestro, nikachomeka ya kasanduku, ile nilitoa ku ampli. Akanikamata mukono. Nikamusukuma na kiwiko, akakaa juu ya ngoma. Nikapandisha sauti polepole, nikapiga ile kamba nene. Bas ikatokea mu bafle ya baimbaji, mabati ikalia.

"Eh! Kumbe!" ule wa tenori akasema. Basoprano bakaanza kuimba bila kuambiwa, nikabapigia wimbo muzima.

"Ni ampli imepata moto," maestro akasema. "Ilitaka kungojewa."

"Ampli gani? Tundu yake iko wazi, angalia."

Pasta akanyoosha mukono. "Bas inasikilikana, tata. Kiti ni yako." Nikapumua. "Lakini umegusa konsoli bila ruhusa, umesukuma kiongozi wa korali. Piga magoti, umuombe musamaha mbele ya bote. Kisha utakaa banki ya nyuma miezi tatu, sawa kila mwenye kosa."

Ile banki niliijua. Tulikalisha pale walevi, tulikalisha mabinti wenye mimba. Mutu anafunga mudomo, benzake banaimba, na watu banageuka kumuangalia. Miaka yote nilikuwa napiga bas, nabaangalia nami.

"Na yeye?" nikauliza. "Amebadanganya bote, ati bidole yangu imekufa."

"Yeye ni mukubwa wako mu kazi."

"Kwa miaka ni mutoto wangu."

"Magoti, tata," maestro akasema, anapangusa suruali yake. Akaonyesha chini, karibu na viatu yake. "Hapa. Kuko safi."

Nikaangalia basoprano. Nabo bakaangalia saruji. Ule wa tenori akajifanya anatafuta kitu mu mufuko.

Nikachomoa gita, kable nikaiacha ikianguka, nikapita katikati ya mabanki. Pasta akaniita mara mbili. Inje mutu wa taksi-moto akaniuliza: "Tata, mujini?" Nikapanda. Pale sikurudia tena.