Neno Ndani ya Koti

Fundi cherehani hujifunza Kiingereza cha biashara kwa chaki ya kukatia nguo. Kila vazi huliandika neno moja upande wa ndani, kisha mguu ukikanyaga pedali, mdomo hurudia, "Kapitali, kapitali," mpaka pindo liishe. Leo amekuja mwekezaji asiyejua Kiswahili; akiridhika, karakana itapata cherehani ya pili. Fundi anaeleza vizuri, vidole vikipima hewa, hadi anapofika kwenye faida. Neno limemponyoka. Anamgeukia mumewe, aliyesimama kando na koti alilomshonea.

"Baba watoto, vua koti!"

"Mbele ya mgeni?"

"Vua, bwana, nimeliandika mgongoni!"

Koti linapinduliwa. "Profiti!" anasoma kwa sauti ya ushindi. Mgeni anacheka hadi machozi, kisha anavua koti lake na kumpa fundi chaki: naye aandikiwe neno hilo, kwa Kiswahili.