Masikio ya Golkonda

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Makhdum aligonga kijiko kwenye kikombe mara tatu, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mkewe, Khairun, aligeukia sufuria ya wali wa dengu ili asimwone usoni. Kijiko kilikuwa kimya kwa mwaka wa pili sasa. Akishagonga, anakunywa, anafuta masharubu na kwenda kazini. Na kazi yake ilikuwa kusikia.

Wageni wengi huijia ngome ya Golkonda kwa jambo moja. Mtu akipiga makofi chini ya kuba la lango kuu, sauti hupanda kilima hadi kwenye baraza la sultani, ngazi mia tatu na sitini juu. Waongozaji walifanya kazi wawili wawili: mmoja langoni anapiga, mwenzake juu anawatajia wageni idadi. Makhdum alikaa juu miaka ishirini na mbili bila kukosea, mpaka wakamwita Masikio. Juu kuna kivuli na upepo, na watu wanaomba kupiga picha nawe. Chini kuna jua na viganja vilivyovimba. Sharti lilikuwa moja tu: msikilizaji akikosea mbele ya wageni, anashuka, na mpigaji anapanda.

Masikio yalipokufa alijifunza kuwasoma wageni. Kofi likifika, watoto hukunja vidole kuhesabu, wanawake huinua nyusi, wanaume hutikisa kichwa kidogo. Makhdum aliwapanga ukingoni mbele yake, akahesabu nyuso zao, akataja kabla hawajafungua kinywa. Maneno yao aliyasoma midomoni.

Mpigaji wake alikuwa Afsar, mwanamume wa miaka thelathini, tisa kati ya hiyo ikiishia juani pale langoni. Siku moja alipanda mgeni peke yake, miwani nyeusi, uso mkavu kama ukuta. Afsar alipiga sita, Makhdum akasema tatu. Mgeni hakumsahihisha, aliposhuka ndipo alipomsimulia Afsar, akidhani ni sehemu ya mchezo. Afsar naye akanyamaza. Mgeni mmoja hakutosha. Alitaka wengi.

Akawapata Ijumaa iliyofuata: ukoo mzima wa bibi harusi kutoka Warangal, watu kama thelathini na vikapu vyao vya chakula. Afsar aliwakusanya langoni, akawanong'oneza, shangazi mmoja mnene akajiziba mdomo kwa shela asicheke. Kisha akapanda pamoja nao. Makhdum alimuuliza nani kabaki chini. Akajibiwa kwamba shemeji yake Afsar yuko pale, anajifunza kazi.

Wageni wakajipanga. Vidole vya watoto vikakunjwa, kimoja, viwili, mpaka vitano. Nyusi zikapanda mara tano. Shangazi akatikisa kichwa mara tano, taratibu, kama anayelishwa dawa.

"Tano," alisema Makhdum, akainamisha kichwa kupokea sifa.

Midomo yote ikafunguka kwa pamoja. Aliona meno, aliona matumbo yakitikisika, akadhani wamefurahi, naye akacheka. Alicheka hata baada ya wao kuacha. Afsar akamsogelea, akatamka polepole, mdomo wazi, asikose hata neno.

"Mjomba, hakuna aliyepiga."

Mjini kwao mjomba ni neno la heshima, na ndilo hilo hilo la mtu aliyeingizwa mkenge. Tofauti iko kwenye pembe ya mdomo, na Makhdum aliiona vizuri.

Alijitetea kwamba upepo ndio umemchanganya. Mtoto mmoja akapita nyuma yake, akapiga makofi karibu kabisa na sikio. Hakushtuka. Akaja wa pili, akaja wa tatu, wakapanga foleni, na baba zao wakawanyanyua wale wafupi ili wafike. Makhdum aliona vivuli tu vya mikono vikicheza sakafuni.

Akamshika Afsar mkono. Akamwomba, kwa sauti ambayo mwenyewe hakujua imekuwa kubwa kiasi gani, amwachie japo mpaka Idi.

"Nimebaki na jina tu, Afsar. Nivue jina polepole."

"Kwani nani kakufukuza?" Afsar alimfuta vumbi begani. "Kesho unasimama langoni. Kupiga makofi hakuhitaji masikio, mjomba."

Hapo hata bibi harusi, ambaye muda wote alikuwa akitazama viatu vyake, alicheka.

Makhdum alishuka. Habari ilikuwa imemtangulia. Chini ya kuba waongozaji kumi na mmoja walijipanga pande mbili, watu aliofuturu nao kila Ramadhani, na mmoja wao alikuwa amemposea mwanawe binti wa Makhdum. Alipoingia kati yao, wote waliinua mikono, viganja vikaenda na kurudi kwa kasi mbele ya uso wake. Aliwatazama usoni kutafuta jibu, lakini walikuwa wamekaza nyuso, hakuna nyusi iliyopanda. Huenda walipiga kweli, kumuaga. Huenda viganja havikugusana. Walijua hawezi kujua, ndiyo maana hawakuacha.

Alipita katikati yao bila kuharakisha, akatokea kwenye mwanga wa barabara, na Golkonda hakurudi tena.