Siku Mama Spana Alipoiona Bahari

Pale gatini kila mtu alimwita Mama Spana, hata mkwewe. Miaka kumi na tisa alitengeneza injini za boti zikiwa zimefungwa kamba hapo hapo majini, na hakuwahi kumwaga oili. Alikuwa akiacha skrubu juu ya mfuniko wa injini, anakwenda zake kunywa chai, na akirudi anaikuta palepale. Kwa hiyo mtu akimwambia bahari inaua, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Inaua wapi? Hata skrubu haiangushi! Bahari ya hapa ni pole kama maji ya ndoo."

Kilichomkera ni ule ukuta wa mawe uliokinga mdomo wa bandari. Boti ziliuzunguka nusu saa nzima, injini zikinywa dizeli bure. Wenye boti walipoitisha kikao ili ukuta utobolewe katikati, ipatikane njia ya mkato, karani wa bandari alisimama kupinga. Alisema mawe yale yana kazi yake.

Mama Spana akamgeukia. "Kazi gani, baba? Miaka yote hii nayatazama, sijayaona yakifanya kazi hata siku moja. Au yameajiriwa ofisini kwako?"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Karani akakaa chini, masikio yamemsimama kwa hasira. Mwezi haukuisha, katapila likaja, likayang'oa mawe mpaka likapatikana pengo la kupishana boti mbili. Watu wakampongeza Mama Spana, naye akapokea pongezi zote bila kubakisha.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limetoka vizuri. Upepo hakuna kabisa, bendera ya ofisi imejinyongea kwenye mlingoti. Mama Spana alikuwa anarudisha injini kwenye boti ya mdogo wake, kitinda mimba wao, yule aliyemlea mgongoni mama yao alipofariki. Injini ilining'inia kwenye winchi ya mnyororo iliyosimikwa gatini. Mdogo wake alikuwa ndani ya boti, amechuchumaa kwenye shimo la injini, anaelekeza matundu ya bolti.

"Shusha, dada. Shusha kidogo. Mikono imezeeka nini?"

"Funga mdomo, nisije nikakushushia kichwani."

Akavuta mnyororo. Ghafla boti ikashuka chini mbele ya macho yake. Maji yalikuwa yamekimbia kutoka gatini, ukuta wa gati ukabaki uchi, na kamba zikakaza mpaka zikalia. Kabla hajajua aseme nini, maji yakarudi.

Injini haikuanguka. Ilikuwa imetulia palepale kwenye mnyororo. Boti ndiyo iliyoinuka kuifuata, na mdogo wake yumo katikati.

Alimsikia akipiga kelele mara moja tu, halafu kimya. Boti ikashuka tena. Akamwona amelala chali shimoni, mguu umebanwa chini ya ubao uliovunjwa na injini, macho yamemtoka. Kifua kilikuwa bado kinapanda na kushuka.

"Dada, toa hii! Toa!"

Akavuta mnyororo kuipandisha. Kila akivuta, injini inapanda upana wa kidole. Mvuto mmoja, kidole kimoja. Kule pengoni aliona maji yakiingia tena, hayana povu, hayana kelele, mgongo mmoja mrefu uliojaa. Akaachia mnyororo, akautia bega mkono wa winchi ulioning'iniza injini, akausukuma kama mtu anayevunja mlango. Injini ikayumba, ikabomoa ukingo wa boti, ikatokea upande wa maji. Boti ikainuka juu kabisa, safari hii bila kitu juu yake.

Karani alikuja mbio, kiatu kimoja hana. "Tokeni botini! Kuna dhoruba imepiga mbali huko, tangu juzi! Mawimbi yake ndiyo yanafika!"

Mama Spana alikuwa anatazama upande wa pili wa bandari, nyuma ya mawe yaliyobaki. Nje ya mawe bahari ilikuwa inajirusha, inapasuka, inarudi kujirusha. Ndani ya mawe boti zilikuwa zimesimama kimya, na mtu mmoja amekaa juu ya boti yake anamenya chungwa. Anamenya chungwa! Kumbe miaka yote ile alikuwa hajaiona bahari. Aliona yale maji tu yaliyoruhusiwa na mawe kupita.

Akarukia botini, akang'oa ubao kwa mikono, akamkumbatia mdogo wake kwapani. Mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Upepo hakuna, dada," alisema, meno yakigongana. "Hakuna hata kidogo. Yamepitia wapi haya?"

"Pale pengoni."

"Nani alitoboa pale? Mjinga gani?" Alikuwa safarini wakati wa kikao, hakujua lolote.

Mama Spana alimwinua akae. "Mimi ndiye niliyewasemea wenye boti kikaoni."

"Wewe?"

Boti ilikuwa inashuka tena. Akamkaza kiunoni, akaishika ngazi ya gati, akaanza kumpandisha.

"Wewe, dada?"

Aliendelea kumvuta, kipago kwa kipago, bila kumtazama usoni.