Salamu ya Kugonga Meza

Alfajiri, mtaa bado umejifunika shuka, lakini ndani ya chumba cha tanuri mambo yameshapamba moto. Mwanamke mwenye kilemba cheupe amezama kwenye donge la unga hadi viwiko. Mlango unafunguka. Mwanamume mrefu anaingia bila neno, anagonga meza mara mbili kwa kidole, kisha anakwenda kuchochea kuni. Mwanamke naye anagonga mara mbili.

"Tumeshasalimiana hivyo," anamweleza mwandishi bila kuinua kichwa.

Wenzake humwita Bi Soga, na jina limemkaa. Amekanda mikate hapa tangu kifungua mimba wake ananyonya. Tanuri hili ndilo linalomlipia kodi ya chumba na kumsomeshea watoto wawili. Miaka yote hiyo hajawahi kukanda kimyakimya. Wachuuzi wanaokuja kuchukua mikate wanajua habari zote za nyumbani kwake, kuanzia jino la mama yake hadi vituko vya mwenye nyumba.

Ndiyo maana mwaka jana, mwanamume huyu alipoajiriwa kuwa mwenzake wa zamu, alimchosha roho. Alikuwa mgeni kutoka mbali, lugha anaijua vizuri, lakini akiingia hasalimu. Akisalimiwa, anatikisa kichwa na kugeukia kuni. Ni mpaka mikate iingie tanurini ndipo huuliza habari za asubuhi, na hapo Bi Soga ameshanuna, yuko nje anapunga upepo.

"Nikambandika jina la Ukuta," anakiri. "Nikasema huyu anajiona. Salamu tu inakushinda?"

Uvumilivu ukamwishia. Alikwenda kwa tajiri mwenye tanuri akamweleza kwamba hawezi kufanya kazi na mtu wa dharau. Tajiri hakutaka kumpoteza mkandaji wake, akaahidi kwamba mgeni ataondoka mwisho wa mwezi.

Siku chache baadaye, mke wa Ukuta alileta chakula cha mumewe, akasimama mlangoni kimya. Bi Soga akajisemea moyoni kwamba hawa wameokotana. Lakini alipomaliza kukanda na kunawa, yule mama alimsogelea, akamshika mikono yote miwili na kumsalimu salamu ndefu. Akauliza jino la mama linaendeleaje. Akauliza kama mwenye nyumba ameshaziba bati linalovuja.

Bi Soga akamuuliza nani kamwambia.

"Mume wangu. Kila siku anarudi na habari zako," mama yule akajibu. "Kwetu mtu mwenye unga mikononi hasemeshwi. Ukimsemesha ni kama unamwambia kazi yake si kitu. Unamwacha amalize, ndipo unamsalimu."

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Bi Soga.

Alikimbia kwa tajiri kufuta maneno yake. Tajiri akaguna: mgeni alishaambiwa tangu juzi, tena hadi jina la aliyemshtaki. Kumbe alijua, na asubuhi ileile alikuwa amembebea Bi Soga gunia la unga kama kawaida. Hilo ndilo lililomliza. Alisihi mpaka tajiri akakubali kumbakiza.

Kesho yake alisubiri mikate iingie, akanawa, akamfuata kwenye kuni na kuomba radhi.

"Yameisha, dada," mwanamume yule alimjibu. "Mimi nilidhani unatoka nje kwa sababu hupendi kunisikia."

Kugonga meza ndiyo mapatano yao. Siku hizi Bi Soga humwita kaka, na mkewe ni wifi.

Wiki ijayo tajiri anawasha tanuri la pili, na anakuja mkandaji mpya, binti kutoka pande nyingine kabisa. Bi Soga hamjui, wala kwao hakujui, lakini ameomba apangwe naye meza moja.

"Safari hii, kabla sijakimbilia kwa tajiri, nitamuuliza mwenyewe," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inatulia. "Ila naomba Mungu binti huyo awe mtu wa soga. Huyu kaka yangu ananisubirisha hadi mikate iingie motoni."