Kona za Fernand Chazal

Fernand Chazal alijifunzia mwendo wa kasi kwenye gari la maziwa. Baba yake alimtuma kila asubuhi ateremshe madebe mabondeni kwa njia za milima ya Ardèche, na kijana akirudi nayo matupu watu walishaanza kumlaani kwa ajili ya kuku aliowagonga. Ndipo Huguette, binti wa mwoka mikate, alipomwambia, "Wewe utakufa kijinga. Ukienda kwenye mashindano ya magari, nitakaa pembeni nikuitie kila kona kabla hujaifikia."

Akakaa kweli, harusi kwanza, mashindano baadaye. Milima mingi ya Ufaransa inawajua, mke akiita kona, mume akizikata. Makombe yao yalikuwa madogo, ya kuwekea maua. Ubingwa wa mkoa, ambao walikuwa wameshauonja, uliishia mtaroni karibu na daraja la kijijini kwao, kwa sababu Huguette alipiga kelele "Punguza!" na bwana mkubwa akasikia "Kanyaga!" Ndivyo anavyodai mpaka leo. Huguette hajawahi kuamini hata siku moja, na anampenda hivyohivyo.

Fernand alipostaafu, gari lao la buluu lilifunikwa turubai. Likaja kufunuliwa mjukuu wao Solène alipochumbiwa, Fernand alipoinua glasi ya divai mezani na kutangaza, "Bibi harusi nitampeleka mimi mwenyewe kwa meya akafungishwe ndoa."

Tangu hapo, hata wakienda kununua mkate, alimwomba Huguette amwitie kona. "Kukumbushia ujana tu, bibie." Huguette aliita kwa furaha, mpaka Jumapili moja mzee alipovua kofia na kumwamkia padri kwa adabu zote, kumbe padri mwenyewe ni koti la mvua lililoanikwa kwenye uzio. Huguette akaelewa. Ujana gani! Mzee haoni. Lakini mwanamume aliyekula kwa macho na mikono yake unamwambiaje? Akangoja mzee akiri mwenyewe. Fernand naye akazidi kung'arisha gari.

Siku ya harusi, Solène alipotoka na shela lake, babu alikuwa ameshashika usukani. Huguette akasimama mlangoni mwa gari.

"Fernand, nimevaa gauni la rangi gani?"

Fernand akamwinamia.

"Usinifanyie hivi mbele ya mtoto," akanong'ona.

"Mtoto ndiye unayetaka kumpakia. Rangi gani?"

Mikono ya mzee iling'ang'ania usukani. Kisha ikauachia.

"Sioni, Huguette. Tangu Pasaka."

"Najua, mzee wangu. Sogea huko uniitie kona."

Akasogea. Akaziita zote macho yamefumbwa, maana alizijua tangu enzi za gari la maziwa na alizisikia mgongoni, na Solène huko nyuma akashangilia mpaka shela likamwingia mdomoni. Walipokaribia daraja, Fernand alipiga kelele, "Punguza!"

Huguette akakanyaga mafuta.

"We mwanamke, nimesema punguza!"

"Ala! Mimi nimesikia kanyaga."

Fernand alicheka mpaka machozi yakamtoka, mkono wake ukitafuta goti la mkewe.