Punda wa Nasieku

Kuna siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na kwa vile juzi umeajiriwa ualimu, acha nikuambie.

Nilikuwa mwalimu mgeni wa fizikia huko Kajiado, kijana wa kujisikia kweli. Nilikuwa naishi Noonkopir, na wiki nzima nilifanya mazoezi ya kuchomoa kitambaa chini ya vikombe bila kuviangusha. Nilitaka kuwaonyesha Kidato cha Pili inersia: kwamba kitu kilichotulia hutaka kuendelea kutulia, na kinachokwenda hutaka kuendelea kwenda.

Nikavuta. Vikombe havikuanguka. Watoto wakaniangalia tu. Msichana mmoja, Nasieku, akainua mkono.

"Mwalimu, si ni kama punda wa maji? Akiwa anakimbia halafu asimame ghafla, mitungi inaendelea mbele, inamwangukia shingoni."

Lo! Darasa zima likapiga makofi. Wote walikuwa wameelewa, na si kwa vikombe vyangu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini siku hiyo nilitamani kuwanyoa wote nibaki na zangu peke yangu. Wivu ulinishika, tena wivu wa mtu mzima kwa mtoto wa watu.

Mtihani wa muhula ulipofika, nikauliza swali hilo hilo. Nasieku akaeleza punda wake, vizuri kabisa. Nikamkata alama zote za swali hilo na kuandika kwa wino mwekundu: "Hii si fizikia." Akapungukiwa na alama mbili tu kufikia kiwango, na jina lake likakosekana kwenye orodha ya watakaoendelea na somo langu Kidato cha Tatu.

Mhudumu wa maabara, mama mzee tuliyemwita Yeyo, ambaye alikuwepo siku ya vikombe, aliiona karatasi hiyo mezani. Akaisoma polepole.

"Mwalimu, mimi nimebebesha punda maji tangu nikiwa mdogo. Huyu mtoto amesema ukweli. Kosa lake ni lipi? Ni jibu, ama ni makofi aliyopigiwa?"

Nikajifanya nasafisha miwani. Nilijua amenishika pabaya, ila kiburi kilinikalisha siku tatu. Nilipopeleka alama mpya ofisini, orodha ilikuwa imeshafungwa. Nikamwita Nasieku, nikamwambia wazi kwamba nilimwonea wivu. Akatazama viatu vyake.

"Mimi nilidhani kweli sijui, Mwalimu," akasema. "Nikaacha kusoma."

Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, wivu utakujia, usijidanganye wewe ni malaika. Ukikujia, weka kalamu chini mpaka upoe. Mtoto akikushinda mbele ya wenzake, mwambie palepale kwamba amekushinda, maana anakuamini wewe kuliko anavyojiamini mwenyewe. Na ukikosa, rekebisha siku hiyo hiyo. Usingoje heshima yako ipone kwanza.

Haya, nenda, Mungu akutangulie. Akupe wanafunzi wanaokuzidi akili, na akupe moyo wa kuwafurahia.